Kidato cha Tatu matopeni Gazi: Konokono ni mia moja au elfu moja?

Na MWANDISHI WETU

BARUA ya shule ililetwa na binti yangu Jumapili moja jioni mwezi Mei 2023, ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya kitabu chake cha Baiolojia. Shule iliomba Sh2,500 kwa kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Walikuwa waende Gazi, Kaunti ya Kwale, kwa siku tatu "kufanya utafiti wa ekolojia katika msitu wa mikoko".

Nilikataa papo hapo.

Mimi ni mzaliwa wa Pwani. Mikoko nimeiona tangu utotoni, na sikuona kwa nini nilipie mwanangu akaitazame. Isitoshe, ekolojia niliisoma mwenyewe. Mwalimu wetu alichora ubaoni nyasi, mshale, swara, mshale, simba, nasi tukanakili. Nilipita mtihani vizuri tu. Simba wenyewe sijawaona hadi leo isipokuwa kwenye televisheni.

Mama yake ndiye aliyenigeuza. "Baba watoto," aliniambia, "masomo ya ziada ya jioni umelipa elfu tatu bila kuuliza hata swali moja. Hii ya mtoto kwenda kuona kwa macho yake ndiyo imekuwa ghali?"

Sikuwa na jibu. Barua ilisema pia kwamba shule ilihitaji wazazi wawili wa kusaidia kuwaangalia watoto. Nikaandika jina langu ili nikaone pesa zangu zinakwenda wapi.

Zilikwenda matopeni.

* * *

Tuliondoka Ijumaa, Juni 2, alfajiri. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa sababu ya Madaraka Dei iliyokuwa imepita jana yake, bali kwa sababu ya mwezi. Mwalimu wa Baiolojia, mwanamke mpole asiyependa kelele, alikuwa ametazama kalenda akaona mwezi mpevu utaangukia Jumapili. Alitaka bamvua, wakati maji yanapokupwa mbali sana na kujaa juu sana, kwani alikuwa na jambo la kuwaonyesha wanafunzi ambalo halionekani vyema wakati wa maji mafu.

Gazi ni kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa Mombasa, mwendo wa kama kilomita 50 ukipita feri ya Likoni na kufuata barabara ya Lunga Lunga. Msitu wake wa mikoko una eneo la hekta zipatazo 615. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini, KMFRI, ina kituo hapo, na kina mama wa kijiji wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya miti, ambalo wageni hulipa kutembea juu yake.

Wanafunzi walidhani watatembea kwenye daraja hilo. Mwalimu aliwapitisha kandokando yake, akawashukisha kwenye tope.

Aliyetupokea ni mzee wa kijiji aliyekata boriti ujanani mwake. Watoto walimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," kisha akawatazama miguu. Waliovaa ndara aliwarudisha. Mchu huchomoza mizizi yake wima kutoka ardhini kama kalamu zilizochongwa, na asiyevaa raba au gambuti hurudi nyumbani akichechemea.

Kazi ya kwanza ilikuwa kamba. Wanafunzi walivuta kamba ndefu kutoka nchi kavu kuelekea baharini, na kila baada ya mita 10 wakasimama na kuandika: mti gani upo hapa, una unene gani, tope likoje, mashimo ya kaa ni mangapi. Vitabu vya shule huiita njia hiyo transekti. Kwa wino ingekuwa bure, maana daftari zote zililowa. Waliandika kwa penseli.

Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na kitabu cha binti yangu kilikuwa na mchoro unaoipanga kwa mistari kama wanajeshi kwenye gwaride. Mlilana ulikuwa mbele kabisa kwenye maji, nyuma yake mkoko wenyewe wenye mizizi inayoinama kama miguu ya buibui, kisha muia, mkandaa, na mwisho mchu karibu na nchi kavu.

Tulianzia nchi kavu. Mchu tuliukuta pale pale ulipochorwa, mfupi, uliodumaa, kwenye udongo wa chumvi kali. Mkandaa ukafuata. Mkoko ukafuata. Watoto wakaanza kuandika kabla ya kutazama, kwa kuwa walijua kinachokuja. Karibu na maji ya bahari, kwenye mita za mwisho za kamba, msichana mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, huu si mchu tena?"

Ulikuwa mchu, tena mkubwa na mrefu, uliosimama pamoja na milalana ya mbele.

Wavulana wawili walibisha. Mmoja alikwisha kuandika "mlilana" na hakutaka kufuta. Mzee alichukua jani, akaligeuza upande wa chini ulio mweupe-mweupe, akampa mvulana huyo alilambe. Lilikuwa na chumvi. Mchu hutoa chumvi kupitia majani yake. Mvulana akatema, akafuta.

Jambo hilo linajulikana na wataalamu waliofanya kazi Gazi. Mchu huonekana pande mbili za msitu huo, upande wa nchi na upande wa bahari, huku katikati ukiwa nadra. Kwa wale watoto, hata hivyo, lilikuwa jipya kama limevumbuliwa asubuhi ile. Kitabu chao hakikuwa kimesema uongo, lakini kilikuwa kimechora msitu wa wastani, na msitu wa wastani haupo mahali popote unapoweza kusimama ndani yake.

* * *

Mzee alikuwa na hesabu yake. Wanafunzi walipozungusha tepu ya fundi cherehani kwenye shina na kusoma sentimita, yeye alitazama tu na kusema: "Hii ni pau. Ile mazio. Hiyo boriti, na ile kule nguzo." Ndiyo majina ambayo wakataji na wauzaji wa miti ya mikoko wametumia kwa vizazi vingi, kuanzia fito nyembamba za kusukia ukuta hadi nguzo za kubebea dari. Mwalimu aliwaambia waandike safu mbili, ya sentimita na ya mzee. Mzee alikosea mara chache mno. Nilimwona binti yangu akimtazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona akimpa mtu yeyote asiye na vyeti.

Mzee ndiye pia aliyewaeleza kwa nini sehemu moja ya msitu ilikuwa na miti iliyolingana kimo kama imenyolewa. Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ya Gazi ilikatwa ovyo ili iwe kuni za kuchomea chokaa na matofali. Palibaki upara. Miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, akiwemo Dkt James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji, na shamba moja la mikoko lililopandwa 1994 limekuwa likipimwa na wasomi wa nchi mbalimbali.

Kuanzia 2013 kupima huko kumekuwa riziki. Mradi wa Mikoko Pamoja, unaosimamiwa na wanakijiji wa Gazi na Makongeni, ulipata kibali cha kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu. Fedha zinazopatikana zimetumiwa kwa maji ya bomba, vitabu vya shule na upanzi wa miti. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini mnunuzi aliye ng'ambo haoni mti. Anachokiona ni tarakimu: miti mingapi, unene gani, imekufa mingapi. Tarakimu ikiwa ya kubuni, biashara yote ni ya kubuni.

Sikujua wakati huo kwamba jambo hilo lingetugusa kabla hatujarudi nyumbani.

* * *

Sasa nije kwa konokono, maana ndio walionifanya niandike makala haya.

Kwenye mashina ya mchu wa upande wa nchi kuna konokono wadogo wenye magamba marefu, ambao wanasayansi huwaita Cerithidea decollata. Maji yakikupwa hushuka mtini na kulisha juu ya tope. Kabla maji hayajarudi, hupanda tena. Nimesema kabla. Hilo ndilo lililokuwa jambo la mwalimu.

Ijumaa ile maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Mwalimu aliwaketisha wanafunzi kimya mbele ya miti michache. Bahari ilikuwa mbali, hata sauti yake haikusikika vizuri. Konokono walianza kusogea. Mmoja, wanne, kumi na tano, wakaelekea kwenye mashina na kuanza kupanda, taratibu kama mahujaji. Maji yalipofika alasiri na kuzunguka mizizi, wao walikuwa wamekwisha kutulia juu, mahali pakavu.

"Nani amewaambia?" aliuliza mvulana yule aliyelamba jani.

Swali hilo hilo limewashughulisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia, waliowachunguza konokono hawa katika hori ya Mida, karibu na Watamu. Majaribio yao yalionyesha kwamba konokono hutangulia maji bila kuguswa nayo. Mwalimu hakuwapa jibu lolote. Aliwaambia waandike swali hilo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, ukurasa ambao alikuwa amewaagiza wauache wazi tangu mjini.

Kazi waliyopewa ilikuwa kukadiria idadi ya konokono hao katika kipande cha mita 10 kwa 10 kilichozungushiwa kamba. Njia yake imo kwenye mtaala. Unakamata idadi fulani, unawatia alama, unawaachilia. Siku ya pili unakamata tena, unahesabu wangapi wana alama. Unazidisha idadi ya kwanza kwa ya pili, unagawa kwa wale wenye alama. Hata mimi niliikumbuka.

Alama ilikuwa rangi ya kucha, ya waridi. Nilipoitazama chupa niliitambua. Ilikuwa ya mama yake. Sikusema kitu.

Waliwatia alama konokono 60 kwa jumla. Jumamosi, maji yalipokupwa, vikundi viwili viliingia ndani ya kamba. Kikundi cha binti yangu kilikamata 50, kikapata 30 wenye rangi. Zidisha 60 kwa 50, gawa kwa 30: konokono 100.

Kikundi cha pili kilikamata 50, kikapata wenye rangi watatu tu. Konokono 1,000.

Kipande ni kile kile, siku ni ile ile, na konokono ni wale wale.

Kwanza walicheka. Kisha wakalaumiana. Kikundi kimoja kilidai kingine hakijui kuhesabu, wakarudia kuhesabu mbele ya mashahidi, tarakimu zikabaki vile vile. Jua lilikuwa kali na mbu wa mikokoni hawana adabu. Ndipo mvulana mmoja, mtoto mwerevu ambaye naambiwa huwa wa kwanza darasani, alipotoa shauri kwa sauti ya chini: "Tuandike mia tano na hamsini. Iko katikati. Nani atakuja kuhesabu?"

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameshika penseli juu ya karatasi. Kusema kweli, alikuwa anaelekea kukubali, na mimi mwenyewe sikuona ubaya mkubwa. Katika maabara yetu ya zamani sote tulijua matokeo yanayotakiwa kabla ya kuwasha taa ya gesi. Rangi isipobadilika, unaandika kwamba imebadilika. Hatukuita hivyo udanganyifu. Tuliita kupasi.

Mzee alikuwa ameketi juu ya mzizi, akisikiliza. "Wajukuu zangu," alisema, "hapa tunauza miti tusiyoikata. Mtu akiandika miti ya katikati, tumekwisha."

Mwalimu naye hakukemea. Aliwaambia maneno ambayo nimeyakumbuka tangu siku ile: "Andikeni mlichokiona. Halafu andikeni kwa nini hamkiamini."

Wakakaa. Walikaa kama nusu saa, wakibishana kwa Kiswahili na Kiingereza na lugha ya wanafunzi ambayo siifahamu. Mara binti yangu akauliza wale 60 walikamatwa wapi. Kimya. Ikabainika kwamba waliotumwa kuwakamata Ijumaa walikuwa wamechoka, wakawachukua wote kwenye miti miwili iliyokuwa karibu na njia. Kikundi chake kilikuwa kimekamata hamsini zake kwenye miti hiyo hiyo. Kikundi cha pili kilikuwa kimekwenda upande wa pili wa kamba.

"Basi labda hawachanganyiki," alisema. "Labda kila mmoja ana mti wake."

Ile kanuni ya kuzidisha na kugawa husimama juu ya sharti moja: kwamba wenye alama wamechanganyika na wasio na alama kama mchele na mchanga kwenye ungo. Sharti hilo limo kitabuni, mstari mmoja, na binti yangu alikuwa amelikariri mara nyingi. Hakuwahi kuliona likivunjika. Sasa alikuwa na tarakimu mbili zisizoelewana mkononi mwake, na zilimwambia jambo juu ya konokono ambalo tarakimu moja nzuri isingemwambia.

Waliandika zote mbili, 100 na 1,000, na maelezo ya kurasa mbili.

* * *

Mzazi anayesoma haya huenda akasema mwanawe yuko Kitui au Eldoret, mikoko ataitoa wapi. Hahitaji mikoko. Kichuguu cha mchwa kinatosha, au kidimbwi kinachojaa mvua ikinyesha, au ua wa shule wenye lantana. Vifaa vya Gazi vilikuwa kamba, tepu ya fundi, penseli, fremu ya mbao ya mita moja mraba na vipande vya karatasi vyenye namba ndani ya kofia. Kofia hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Siku ya kwanza wavulana waliirusha ile fremu palipokuwa rahisi kukanyaga, wakapata mashimo machache ya kaa. Mwalimu alipowalazimisha kuchagua mahali kwa kuokota karatasi, ikawapeleka kwenye tope la magotini, na kaa wakawa wengi.

Wala si jambo geni nchini. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa 1968 na wanafunzi wa sekondari wenyewe. Kinachonikera ni hiki: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, wamekuwa wakivuka bahari kuja Mpala, Laikipia, kusomea ekolojia kwenye nyika yetu, na wanafanya vyema. Lakini wapo watoto wanaoweza kunusa mikoko kutoka dirishani mwa darasa na bado wanaisoma ubaoni. Mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya 8-4-4 unahimiza kujifunza kwa kutenda. Barua ya kuomba nauli itafika nyumbani, na kuna baba fulani ataikataa kama nilivyoikataa mimi.

Hatari zipo, nisiwadanganye. Maji ya bamvua hujaa haraka, na bila mzee yule aliyekuwa akitazama jua na kutuambia "sasa tokeni", nisingethubutu kukaa mle na watoto arobaini. Anayepeleka wanafunzi porini bila mwenyeji wa mahali anacheza na roho za watu. Tulipata pia vidole viwili vilivyokatwa na chaza na kiatu kimoja kilichomezwa na tope.

* * *

Tulirudi Jumapili jioni. Mama yake aliipokea ile sare kwa ncha za vidole, kisha akaulizia chupa yake ya rangi. Ilikuwa imekwisha.

Ripoti yao ilirudi baada ya wiki mbili. Haikuwa na alama za juu kuliko zote. Kikundi kingine kilichochora ramani safi ya aina za miti ndicho kilichoshinda. Binti yangu alinuna siku moja, halafu akaanza kunisumbua: bamvua ijayo ya likizo ni lini?

Ilikuwa katikati ya Agosti, mwezi mwandamo. Nilimpeleka mwenyewe pamoja na wenzake watatu, akiwemo yule mvulana wa mia tano na hamsini, mzee wa Gazi akatungoja barabarani. Safari hii mama yake alinunua chupa nne: waridi, nyekundu, buluu na nyeupe. Kila mti ulipewa rangi yake, konokono 25 kila mti, na miti yenyewe ilichaguliwa kwa karatasi za kwenye kofia yangu.

Siku ya pili walihesabu kutoka asubuhi hadi maji yalipowafukuza. Usiku, tulipokuwa tukirudi, nilimwomba anipe zile tarakimu niziweke gazetini siku moja.

Alifunga daftari. "Bado, Baba," alisema. "Tumehesabu mara moja tu."